Kipupwe cha Mbozi na Tunduma: mwongozo kwa kijana wa misheni

Ukisema umetumwa Tunduma, watu watakuonya kuhusu foleni ya malori, vumbi na matapeli wa mpakani. Baridi hawaitaji, kwa sababu wengi wao huipita usiku wakiwa ndani ya basi. Wewe utaishi nayo. Kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Agosti, uwanda wa Mbozi, ulioinuka zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, hupigwa na upepo mkavu mchana na usiku. Alfajiri nyuzi joto hukaribia 10, na kwenye milima ya Bundali huko Ileje hushuka zaidi. Anayetoka Mombasa, Tanga au Kinshasa hahitaji kuelezwa maana yake. Anayetoka Ulaya au Marekani huidharau siku ya kwanza, kisha hugundua kwamba nyumba za huku hazina mtambo wa kupasha joto, vyumba vingi havina dari, na chini ya mlango pana nafasi ya kupitisha kiganja.

Nawaandikia vijana wa kanisa lolote mnaoletwa mkoa wetu wa Songwe kutoka nchi nyingine, na pia vijana wetu wa Songwe mnaovuka mpaka kwenda Nakonde na Isoka, Zambia, kwa kazi hiyohiyo, maana upande wa pili baridi ni ileile. Wengine wenu ni wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambao watu wamezoea kuwaita Wamormoni: wavulana hutumika miezi 24 na wasichana 18, wawili wawili, beji ya jina kifuani. Misheni yao yenye makao Dar es Salaam ilianza 2020. Kabla ya hapo Tanzania ilihudumiwa kutoka Nairobi. Wengine ni Wamoravian, Walutheri, Wakatoliki, Wasabato au Wapentekoste waliojitolea kwa mwaka mmoja. Mafundisho yenu yanatofautiana na sitaingia humo. Ninayoyaeleza hapa yanamhusu kila mmoja anayelala chumba cha bati mwezi wa Julai na kesho yake anatakiwa kubisha hodi kwa watu.

Nianze na ninaloliamini kuliko yote: kipupwe ndicho kipindi bora cha kazi yenu huku, mkikubali kufuata saa za wenyeji badala ya ratiba mliyokuja nayo. Mvua zimekwisha, kwa hiyo njia za Igamba, Itaka na Nyimbili zinapitika hata kwa baiskeli. Mahindi yamevunwa au yanamaliziwa. Kahawa inachumwa. Watu wapo nyumbani, wameshiba, na jioni baridi huwakusanya wote mahali pamoja, penye moto. Masika hutawapata hivyo.

Nanyi si wa kwanza. Wamoravian waliotoka Herrnhut, Ujerumani, walifika Rungwe mwaka 1891, na mwaka 1899 wakafungua kituo Mbozi katikati ya Wanyiha. Aliyekianzisha, Traugott Bachmann, alikaa hapo mpaka Vita Kuu ya Kwanza ilipomwondoa 1916. Alijifunza Kinyiha hadi akatafsiri Agano Jipya. Kinachonivuta kwake ni namna alivyobadilika: alikuja akikataza mila nyingi, akazidi kukaa, akazidi kusikiliza, na mwisho akakiri waziwazi kwamba mengi aliyoyalaani hakuwa ameyaelewa. Yeye alipewa miaka 17. Wewe una miezi tu, kwa hiyo anza kusikiliza wiki ya kwanza.

Safari na mzigo

Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni kilomita zipatazo 930. Sweta isikae kwenye buti la basi. Iweke kwenye begi la mkononi, kwani ukishapanda Kitonga na kuingia Mafinga na Makambako utaihitaji, na kondakta hatasimamisha gari kwa ajili yako. Mabasi mengi huingia Tunduma usiku. Usianze kutafuta nyumba gizani ukiwa na masanduku. Lala gesti iliyo karibu na stendi, au kaa ofisi ya basi mpaka kupambazuke, kisha mwite mwenyeji wako. Anayekuja kwa ndege ajue kwamba Uwanja wa Ndege wa Songwe, pamoja na jina lake, uko mkoa wa Mbeya. Ukishatua bado una mwendo wa gari kupita Mlowo na Vwawa.

Nguo za baridi usizinunue kwenu. Mitumba ya Tunduma na Mlowo imejaa sweta na makoti mazuri, na muuzaji anajua baridi ya hapa inataka nini. Chukua sweta mbili nyembamba badala ya koti moja nene. Sababu ni kwamba saa tatu asubuhi unatetemeka na saa saba mchana jua linachoma. Sweta utavua moja moja na kuzikunja kwenye begi, koti utalibeba begani siku nzima kama mtu anayehama. Ongeza kofia ya kufuma ya kulalia, soksi nzito, na mablanketi mawili, moja la kulalia juu yake na jingine la kujifunika, maana godoro jembamba huruhusu ubaridi wa sakafu kupanda mpaka mgongoni. Mafuta ya mgando ni lazima. Midomo na visigino hupasuka wiki ya kwanza tu, na mwenye midomo iliyopasuka hawezi kuimba.

Mnaovaa mashati meupe, fueni mapema, kabla ya saa tano. Nguo hukauka upesi kwa upepo, lakini kuanzia saa kumi jua limelegea na vumbi jekundu la barabarani linarudi na magari ya jioni. Anika ua wa nyuma, mbali na barabara.

Mgeni anayefanya kazi ya dini anahitaji kibali cha ukaazi, na kwa wamisionari na wanaojitolea ni daraja C. Kanisa lako ndilo linaloshughulikia, ila wewe ndiye utakayesimamishwa njiani, kwa hiyo tembea na nakala. Wiki ya kwanza, kabla hujabisha hodi hata nyumba moja, nenda na mwenyeji wako kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kijiji, na barua ya utambulisho. Uko mji wa mpakani. Kijana mgeni anayezunguka majumbani bila kujulikana huleta maswali, na majibu yake yanafaa yatoke kwa kiongozi wa mtaa, siyo kwako.

Saa mbili katika mtaa mmoja

Hili huwachanganya wote. Tunduma iko magharibi ya mbali lakini inatumia saa ileile ya Dar es Salaam, kwa hiyo Juni na Julai jua huchomoza karibu saa moja asubuhi, nusu saa hivi baada ya Dar. Ratiba ya kawaida ya mmisionari Mmormoni humwamsha saa 12:30 asubuhi. Hapa hiyo ni giza tupu, na ni wakati ambao baridi imekaza kuliko saa zote. Amka kama ulivyofundishwa, fanya mazoezi ndani mpaka damu ichemke, soma, omba. Lakini usitoke kwenda kwa watu. Asubuhi yote ya mapema ni ya kuwasha moto, kukamua ng'ombe, kupeleka watoto shule na kuota jua ukutani. Anayebisha hodi saa mbili asubuhi mwezi wa Julai anamtoa mama wa watu motoni. Tangu 2017 viongozi wa kanisa hilo wameruhusu ratiba irekebishwe kulingana na mazingira. Itumieni ruhusa hiyo. Wa makanisa mengine ongeeni na mchungaji.

Saa nzuri za kutembelea ni mbili. Ya kwanza ni kuanzia saa nne, jua likishakolea, kwa wazee na wagonjwa ambao huketi nje ya nyumba upande wa jua. Ya pili ni jioni, tangu jua linapozama saa 12:40 hivi mpaka saa mbili. Nitairudia hiyo ya jioni.

Kisha kuna Zambia. Nakonde iko ng'ambo ya uzio tu, lakini saa yake iko nyuma ya yetu kwa saa nzima. Ibada iliyopangwa saa nne Tunduma, kwa wa Nakonde ni saa tatu. Isitoshe, wenzetu wa huko wakizungumza Kiingereza huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, wakizungumza Kiswahili huenda wakahesabu kama sisi, na kikao kinakosa nusu ya watu. Mkipanga jambo la pamoja, semeni "saa ya Tunduma" au "saa ya Nakonde" kila mara, bila kuona haya. Simu nayo iangalieni: karibu na mpaka inaweza kushika mtandao wa Zambia, ikajibadilishia saa yenyewe na kukata salio kwa bei ya ugenini. Zima mpangilio wa saa wa kujiendesha, weka kwa mkono, na ununue saa ya ukutani ya bei rahisi.

Jiko la mkaa

Ukiamua kusoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, iwe hii.

Usilale na jiko la mkaa chumbani. Usiliweke hata dakika kumi mlango ukiwa umefungwa. Kila kipupwe, katika nyanda za juu za nchi hii, watu hupatikana asubuhi wamekufa vitandani, na jiko limezimika pembeni. Mkaa unapoungua kwenye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni hushika damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili unakosa hewa huku mtu anapumua vizuri tu. Kinachowadanganya watu ni kwamba mkaa uliokolea, mwekundu, hautoi moshi. Wanasema, "umeshaiva, hauna madhara." Unayo. Moshi na gesi hiyo ni vitu viwili.

Dalili zake zinafanana na uchovu wa siku: kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito usio wa kawaida. Mwenzako akilalamika kichwa na kuna jiko ndani, usimpe dawa ya kichwa ukamwacha alale. Mtoe nje mara moja, hata kama ni saa nane usiku na upepo unavuma, fungua milango yote, na umpeleke hospitali hata akisema amepata nafuu.

Fanyeni hivi. Washeni jiko uani kabla jua halijazama. Pikieni hapohapo, na kazi ya mwisho ya jiko iwe sufuria kubwa la maji. Maji hayo gawanyeni: ya kuoga, ya kunywa, na ya kujaza chupa mbili ngumu au kidumu cha lita tatu chenye mfuniko usiovuja. Funga kidumu kwa fulana nzito na ukiweke ndani ya blanketi, usawa wa miguu, robo saa kabla ya kulala. Kitabaki na uvuguvugu mpaka karibu na alfajiri. Jiko libaki nje, makaa yafukieni kwa majivu. Dirisha acheni upenyo kidogo hata kama chumba hakina moto.

Ugumu wenyewe ni pale mnapolala ugenini kijijini na mama mwenye nyumba, kwa upendo, anawaletea jiko chumbani. Usimkatalie usoni, wala usinyamaze ukalala nalo. Sema, "Mama, asante sana, tuote kidogo hapa sebuleni mlango ukiwa wazi, halafu nikusaidie kulitoa." Ulitoe kwa mkono wako. Akikuuliza sababu, mweleze yote niliyoeleza hapo juu, kwa upole, na umweleze tena kuhusu chumba cha watoto. Hata mtu asipokubali neno jingine lolote mlilomletea msimu mzima, akilikubali hilo mmefanya kazi kubwa nyumbani kwake.

Kikombe cha mgeni

Songwe mgeni hunyweshwa chai, na kwenye baridi hunyweshwa zaidi. Kwa mmisionari Mmormoni hapa pana kazi, kwa sababu kanuni ya afya ya kanisa lake, inayotoka katika ufunuo wa mwaka 1833, inakataza chai, kahawa, pombe na tumbaku. Wasabato wengi nao hawanywi chai wala kahawa. Na mmeletwa wilaya inayolima kahawa.

Siri ni kusema mapema. Ukingoja kikombe kifike mkononi ndipo ukikatae, umeshamwaibisha mwenye nyumba mbele ya watoto wake, na sukari imeshapotea. Mkishasalimiana tu, kabla hajainuka kwenda jikoni, mwambie: "Shikamoo mama. Sisi kwa imani yetu hatutumii chai wala kahawa, ila maji ya moto au uji ukiwepo tutashukuru sana." Uji wa ulezi upo nyumba nyingi, na asubuhi ya Julai sijui kinywaji kinachouzidi. Maziwa ya moto pia. Anachohitaji mama ni kukupa kitu chenye joto mkononi, na umeshamwonyesha njia. Kimpumu, pombe ya ulezi, kataeni kwa adabu hiyohiyo, na msikae mahali inaponywewa jua likishazama.

Chakula msikatae. Ugali na maharage ya Mbozi, viazi, makande, parachichi kutoka mtini: kuleni mshibe, maana baridi hula nguvu. Kama mko wanne na sahani inaonekana ndogo, mmoja wenu ajue kuinuka mapema na kusema ameshiba.

Shambani, kichanjani

Kati ya Mei na Septemba ukimtafuta Mnyiha mwenye kahawa nyumbani saa tano asubuhi, humpati. Yuko shambani na familia nzima. Nendeni huko. Lakini msiende kusimama pembezoni na vitabu mkononi. Ombeni vikapu.

Kuchuma kahawa ni kazi ya macho. Chukua tunda jekundu lote, acha la kijani, acha hata lile lenye rangi mbili; vuta kwa vidole viwili ukizungusha kidogo, usikwanyue tawi zima na majani. Mwenye shamba ataangalia kikapu chako cha kwanza. Akikuta matunda mabichi mengi atanyamaza kwa heshima ya ugeni, ila kesho hatakuita. Jioni matunda humenywa kwa mashine siku hiyohiyo, kisha punje hulowekwa ili ule utelezi uachie. Kwenye joto usiku mmoja au miwili hutosha; baridi inachelewesha, na mzee atakuwa anaingiza mkono ndani ya pipa asubuhi na jioni kupima kama punje zimeanza kukwaruzana. Yale maji ya kuoshea alfajiri ni ya baridi ya kuumiza mifupa. Jitoleeni hapo. Kijana anayeosha kahawa ya mjane kwa mikono mitupu saa moja asubuhi hahitaji kujieleza sana yeye ni nani.

Kisha ni vichanja. Punje huanikwa juu ya nyavu au mikeka iliyoinuliwa usawa wa kiuno, na kwa wiki mbili hivi, hali ya hewa ikiruhusu, watu husimama pande mbili wakizigeuza na kuondoa zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu na zenye madoa meusi. Kama kuna mahali pa mazungumzo katika mkoa huu, ni kichanjani. Mikono ina kazi, macho yanatazama chini, hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake usoni, jua limekolea mgongoni. Mtu atakuambia hapo kifo cha mtoto wake, deni, ugomvi na kaka yake juu ya shamba, mambo ambayo sebuleni hayatoki. Msiyakatize kwa somo mliloliandaa. Uliza jina la mtoto. Endelea kuchambua.

Kama kanisa lako halinywi kahawa, kuna atakayeuliza inakuwaje unaichambua. Ongea na kiongozi wako kabla ya msimu ili jibu lisikupate umeduwaa. Langu ni kwamba unamsaidia jirani kupata ada ya shule.

Chama cha ushirika kikishalipa, fedha huingia majumbani. Naomba sana, wa makanisa yote: wiki hizo msizifanye wiki za mahubiri ya sadaka. Familia ilingojea hela hiyo mwaka mzima, kuna mbolea ya kununua na mabati. Mtoaji atatoa bila kuviziwa mlangoni.

Motoni jioni

Wengi wenu mmezoea kwamba jioni ni ya kufundisha, mtu akishapumzika na kazi. Huku jioni ya kipupwe ni ya moto wa jikoni, na jiko la kuni mara nyingi ni kijumba cha peke yake nyuma ya nyumba. Mkikaribishwa humo mmepokelewa kweli. Vijana wa kiume waingie tu mwenye nyumba akiwepo au mama mkubwa akiwaita. Ketini pale mtakapoonyeshwa, hata kama ndipo moshi unapoelekea. Mzee ndiye huanza. Atasimulia juu ya machifu, juu ya ujenzi wa reli ya TAZARA uliokamilika 1975, juu ya zamani mkoa huu ulipokuwa bado Mbeya, kabla ya kugawanywa 2016. Akimaliza, mara nyingi atasema mwenyewe, "haya, nanyi tupeni neno." Dakika kumi zinatosha. Kama mna Biblia tu, someni Biblia. Wenye Kitabu cha Mormoni, tafsiri ya Kiswahili ipo tangu 2000, na someni kwa Kiswahili chenu kibovu badala ya kumpa mtu mwingine asome kwa niaba yenu. Wamoravian wanalo Neno la kila siku, desturi iliyoanza kuchapishwa Herrnhut kwa mwaka 1731, na linafaa motoni kuliko hotuba.

Ondokeni saa mbili, na kama mwenyeji anataka kuwasindikiza, mkubalieni. Mjini Tunduma msitembee usiku kabisa katika mitaa ya malori na baa. Wawili wawili kila mahali, hata kwenda dukani.

Madereva ni jambo la pekee. Foleni ya kuvuka inaweza kurefuka kilomita kadhaa, na ndani ya vichwa vya malori kuna Wakongo, Wasomali, Wakenya, Wazambia na Watanzania wanaolala barabarani siku nyingi kwenye baridi hii. Wachache huwaendea. Nendeni mchana, mkiwa na maji ya moto kwenye chupa na vikombe, ulizeni habari za nyumbani, msiwape vipeperushi kabla ya kikombe. Msipande ndani ya lori. Msikubali kubeba kifurushi cha mtu yeyote kuvuka nacho, hata akiapa ni dawa za mama yake.

Kuvuka kwenyewe kufanyike kwenye kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa upande wetu 2019, pasi mkononi, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Majirani zenu watapita njia za panya mbele yenu bila wasiwasi wowote, Wanyamwanga wana ndugu pande zote mbili na kwao mstari huo umechorwa juu ya ukoo. Ninyi msiwafuate. Kanisa la Moravian huko Zambia limekua kwa kazi ya Watanzania waliovuka hapa. Jina hilo jema lisichafuliwe na kijana mmoja aliyekuwa na haraka. Kiswahili kitawafikisha mbali Nakonde, lakini jifunzeni salamu za Kinyamwanga na Kibemba kabla ya kuuliza bei ya kwacha.

Mkipelekwa bondeni, Kamsamba au Mkwajuni kuelekea Ziwa Rukwa, sahauni nusu ya niliyoyaandika kuhusu mablanketi. Kule ni joto na mbu. Chandarua kitangulie kwenye begi.

Mwenza, na hamu ya nyumbani

Kipupwe kina usiku mrefu, na usiku ndipo hamu ya nyumbani inapokuja. Mwenza wako huenda ni mtu ambaye usingemchagua: anakoroma, anachelewa bafuni, anatoka nchi ambayo hukuwahi kuifikiria. Baridi huongeza hasira, kwa kuwa mtu asiyelala vizuri hana subira. Kwa hiyo tatueni ubaridi kwanza. Ugomvi mwingi nilioona kati ya wenza ulikuwa juu ya maji ya moto: mmoja anaamka kuwasha jiko kila siku, mwingine anaoga. Gawaneni siku, andikeni ukutani nani anawasha lini. Maji ya Tunduma hukatika, hivyo jazeni madumu yanapotoka, na msiwe wa kuazima ndoo kwa jirani kila asubuhi.

Siku ya maandalizi, ambayo kwa wengi ni Jumatatu, fueni, nunueni mkaa, kisha pigeni simu nyumbani. Wamisionari wa Watakatifu wa Siku za Mwisho wameruhusiwa simu ya kila wiki tangu Februari 2019. Zamani ilikuwa mara mbili kwa mwaka. Ongea ukiwa juani, umeshakula. Mama yako akisikia sauti inayotetemeka kwa baridi atadhani unalia. Mchana nendeni mahali: Kimondo cha Mbozi kiko kijiji cha Ndolezi, pande la chuma lenye urefu wa mita tatu hivi, chuma karibu asilimia 90, lililoanguka kutoka angani zamani ambazo hakuna simulizi inayozifikia. Muulizeni mwongoza wageni Wanyiha walilichukuliaje, na msikilize jibu lote.

Kikohozi kinachozidi wiki mbili kipimwe. Homa yoyote ipimwe malaria hata kama mnaambiwa hapa hakuna mbu, hasa mkiwa mmetoka bondeni karibuni. Kifua kinachobana na pumzi fupi si mafua. Nendeni hospitali siku hiyohiyo, Vwawa, Tunduma au Mbozi Misheni, popote palipo karibu.

Mkipata uhamisho, msiondoke na mablanketi. Osheni, anikeni siku nzima, muwaachie wanaokuja. Waachieni na jiko, madumu yenye mifuniko, na daftari: majina ya wazee na saa wanazoota jua, nyumba zenye wagonjwa, nani hanywi uji wenye sukari, shamba lipi litachumwa lini, na kiasi mnachodaiwa dukani, kikiwa kimelipwa. Pitieni kwa mwenyekiti wa mtaa kuaga, pamoja na wale wapya, ili asiwajue kwa kuwakuta barabarani.